Athanasi na Gauni Langu

Jovitha, nimecheka msibani! Mimi mjane, mbele ya katekista, nimecheka kwa sauti.

Ni shemeji Rwegoshora. Alisimama kumsifu marehemu: "Kaka yangu Athanasi alikuwa mwanamume kweli. Hakuwahi kugusa nguo ya mwanamke!"

Hakuwahi! Athanasi wangu!

Unakumbuka mvua za kule kwetu Nyaishozi. Mimi na Athanasi tulikuwa tunakimbilia kamba ya nguo wote wawili, yeye anaanua mashuka, mimi nepi. Kisha tunafunga mlango watu wasimwone, tunakunja pamoja. Magauni yangu aliyakunja vizuri kuliko mimi.

Siku moja mwaka 1987, huyo huyo Rwegoshora akapiga hodi. Athanasi ana gauni langu mkononi. Akajitupa kitandani, akajifunika gubigubi: "Nina malaria." Shemeji akamhurumia, akatoa klorokwini nne mfukoni, akasimama pale mpaka zikamezwa zote. Mtu mzima wa afya! Dawa ikamwasha, akajikuna siku mbili.

Basi leo nikacheka. Shemeji akauliza, "Shemeji, kuna nini?" Nikasema yote. Jovitha, nilisema yote, hadi gauni lilikuwa la rangi gani.

Shemeji kainamia viatu vyake. Nikaogopa kwamba nimemwaibisha marehemu wangu siku ya kumaliza matanga yake.

Ndipo mama mkwe, ambaye hajasema neno wala kula vizuri tangu tuzike, akainuka kwenye mkeka: "Mwanangu, hebu rudia hapo alipojikuna."

Nimerudia mara tatu.