Dirisha Pale Alipotokea Baba

Nkoaranga, Meru
14 Septemba 1912

Mpendwa kaka Aminieli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na lile joto unalolilalamikia halijakuyeyusha. Kikohozi kimekuacha? Na shemeji, je, hajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa nyonga ya mama, ambayo haisikii dawa ya misheni wala ya mizizi. Mahindi yameingia ghalani, migomba inaendelea vizuri, na yule fahali wako bado ni mkorofi kama mwenyewe.

Mabati uliyotuma yalishuka Moshi kwa garimoshi, kisha yakaletwa huku juu na wachukuzi, yakipiga kelele njia nzima hata watu wakatoka mashambani kutazama. Asante sana, kaka. Sasa nakuomba ukae kitako kabla hujaendelea kusoma. Ndani ya bahasha hii utakuta jani la sale. Kwetu mtu akikuletea sale huwezi kumnyima msamaha, nami nimelitanguliza kwa sababu agizo lako la kubomoa nyumba ya mama ya nyasi na kumjengea ya matofali sikulitimiza.

Si kwamba sikujaribu. Nilimweleza mama kila ulichoandika, hata habari za sakafu ya saruji. Alinijibu bila hasira kwamba nyumba ile baba aliijenga kwa mikono yake alipomwoa, kwamba ilipona ule mwaka askari wa Wadachi walipochoma nyumba za watu Meru, na kwamba nikitaka kuibomoa nisubiri kidogo tu, atanipisha. Niliogopa, kaka. Alikuwa ameshaanza kukataa chakula.

Tangu alipoteleza mtoni akaumia nyonga, kutoka nje kwake ni mateso. Mlango wenyewe unaujua, hata mbuzi huinama. Tulipojaribu kumpitisha alilia kwa uchungu, akasema tusimpitishe tena pale angali hai. Kuupanua nako haiwezekani, maana nguzo zake ndizo zinazobeba upande wote wa mbele. Basi akabaki gizani pamoja na moshi na ng'ombe.

Mwanangu Tabea alipozaliwa, mama alimjua kwa vidole. Alikuwa akimpapasa pua na kusema ni ya kwetu, lakini sura yake hakuiona. Moto wa mafigani huonyesha chungu tu, na moshi wake unamtoa mama machozi. Mara nyingi nilimkuta mke wangu Marta amesimama uani, analia kimyakimya, akihofu bibi ataondoka bila kumwona mjukuu.

Ndipo nikawaza dirisha, kama yale ya misheni. Baba mkubwa Sumari aliposikia alikuja na fimbo yake, akakataa hata kukaa. Alinikumbusha jambo ambalo nawe hujalisahau, kwamba katika ukoo wetu nyumba haitobolewi ubavuni ila kwa kumtoa marehemu, kisha hufungwa siku hiyohiyo. Ndivyo tulivyomtoa baba. Nyasi za kiraka kile, upande wa mlimani, hazijafanana na nyingine mpaka leo. Baba mkubwa akaniuliza nataka kumtoa nani. Nimebatizwa, ndiyo, lakini swali lile lilinibana.

Mama alikuwa akitusikiliza kutoka kitandani. Alituacha tushindane mpaka tukachoka, kisha akasema, "Toboeni palepale alipotokea mume wangu. Ila cha kwanza kupita kiingie, kisitoke."

Baba mkubwa akaweka fimbo chini, akaomba maji ya kunywa.

Kazi ikaanza. Kwanza tuliwatoa ng'ombe, na mabati yako ndiyo yaliyoezeka banda lao. Kwa hiyo ng'ombe wa mama sasa wanalala Kizungu, na manyunyu yakigonga juu wanaangaliana. Usikasirike, mabati hayajapotea. Ndani tulikwangua sakafu ya zamani, tukaleta udongo mwekundu na kokoto za mtoni, wanawake wakaipigapiga mpaka ikashika. Marta akapaka udongo mweupe kwenye kiambaza cha ndani ili mwanga utakaoingia usimezwe na masizi. Mimi nikachonga fremu ya mti wa mringaringa, na ubao wa kufungia unaning'inia kwa mikanda ya ngozi. Vioo tumewaachia misheni. Kwa nje tukainua nyasi kidogo juu ya mahali pale, kama ukingo wa kofia, mvua isipate njia.

Siku ya kukata tulingoja jua lipinduke. Mama alikuwa amepakwa mafuta na kufunikwa shuka safi, kama mtu anayengoja wageni. Nikaingia na panga nikaanza kukikata kile kiraka kutoka ndani. Nilikuwa nakumbuka mgongo wako ulivyopita pale ukiwa umembeba baba. Nyasi zilipoanguka, jua likaingia lote kwa pamoja mpaka kitandani, na moshi tuliouzoea kama hewa tukauona kwa mara ya kwanza, ukipanda taratibu.

Marta, aliyekuwa nje, akampitisha Tabea tunduni. Nikampokea, nikamlaza kifuani pa mama. Baba mkubwa, ambaye alikuwa ameapa hatasogea, aliingiza kichwa dirishani akamtemea mtoto mate ya baraka. Mengi yaliniangukia mimi, basi nami nimebarikiwa.

Mama alimtazama mjukuu wake muda mrefu, akicheka bila sauti. Kisha akatazama nje. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, hauna hata wingu, akausalimu kama mtu anavyomsalimu jirani aliyerudi safari. Halafu akainua macho juu, nasi tukainua.

Kaka, sijui nikuandikieje. Tulizaliwa ndani ya nyumba ile, tukakulia humo, wala hatukuwahi kuiona. Fito zote zimezunguka duara juu ya duara, zikipungua kuelekea kileleni, nyeusi kwa masizi, zinang'aa kama chungu kilichopakwa samli. Kila mahali fito zinapokutana pana fundo la kamba ya mgomba, na kila fundo limefungwa sawasawa na jirani yake, ncha zimefichwa ndani. Nilidhani baba atakuwa amefanya hivyo chini tu, panapofikiwa na mwanga wa moto. La. Kadiri jicho linavyopanda, kazi inazidi kuwa nzuri. Na pale juu kabisa, penye giza tangu nyumba ijengwe, baba alisuka kamba nyeupe na nyeusi kwa zamu, nakshi ileile ya ukindu wa kikapu ambacho mama alikuja nacho siku ya harusi.

Wewe unamjua baba, mtu ambaye angeweza kumaliza msimu mzima bila kusema neno jema. Sikuwahi kumsikia akimsifu mama hata kwa chakula. Nikaanza kuhesabu mafundo, yakanishinda.

Mama aliendelea kutazama juu mpaka jua lilipohama kitandani. Kisha akasema polepole, "Alikuwa akichelewa kushuka. Namwita ale, haji, namgombeza kuwa chakula kinapoa. Kumbe alikuwa huko anafanya haya."

Jioni ile alikula, akaomba aongezewe.

Baba mkubwa anakusalimu, na sasa anawaambia watu kwamba wazo la dirisha lilikuwa lake. Marta anakusalimu pamoja na shemeji. Tabea angekusalimu, lakini amelala kwa bibi yake, mahali penye jua. Mungu aliyeuweka mlima huu mbele yetu akulinde katika kazi yako ya reli, akurudishe kwetu na nguvu zako.

Nyumba haitabomolewa, kaka, na nadhani hata wewe hutaki tena. Mama amenituma nikuambie kwamba dirisha si njia ya mtu mzima. Ukija upite mlangoni, uiname kama zamani. Ukishasimama ndani, usimsalimu yeye kwanza. Tazama juu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Sadoki