Usipige Risasi Alizokutumia Baba

Bonde la Bitterroot, Montana
Oktoba, theluji ya kwanza

Mpendwa kaka Garth,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wenzako wa kambini, nikiomba barua hii ikukute mzima na ndege ya posta iwe bado inatua huko Alaska kabla mto haujaganda. Kifua kimepona? Na lile jino? Sisi huku tunapumua, lakini siwezi kukuambia kwamba hatujambo.

Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda kachukue lile boksi la risasi ambalo Baba alikutumia siku yako ya kuzaliwa. Usipige hata moja. Usimpe mtu. Lifungie mahali, uandike juu yake kwa kalamu nene kwamba ni mbovu. Umefanya? Sasa keti nikueleze.

Mume wangu yuko hospitali Missoula. Bunduki ilimpasukia usoni. Shavu limeshonwa, na jicho la kulia daktari anasema litaona mwanga na vivuli, zaidi ya hapo tusitarajie. Clint mwenyewe anatania wauguzi kwamba sasa atalenga bila kuhangaika kufumba jicho. Wao wanacheka. Mimi natoka nje.

Ilianza hivi. Kiwanda cha mbao kilimpunguzia Clint zamu, na unatujua, bila kulungu kwenye friza hatuna nyama ya majira ya baridi. Risasi za dukani zimepanda bei mpaka mtu unaona haya kuuliza, na mara nyingi rafu yenyewe ni tupu. Nikamwambia Baba nataka kujifunza kutengeneza zangu. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe unayeunguza mayai?" Lakini nilimwona amefurahi. Tangu Mama afariki, hakuna aliyekuwa amemwomba amfundishe kitu.

Na alinifundisha vizuri, Garth, hilo sitamnyima. Alinikataza kununua zile mashine kubwa zinazong'aa, akisema ni za watu wanaopenda kupiga picha gereji zao. Tukapata ndogo ya mkono, ya kufunga mezani kwa skrubu, kwa mjane mmoja aliyekuwa akiuza uani vitu vya marehemu mumewe. Kibao cha kusimamishia maganda ya risasi Baba alikitoboa mwenyewe kwenye ubao wa kitanda changu cha utotoni. Maganda yenyewe tulikuwa nayo tele kwenye makopo ya kahawa, yale tuliyokuwa tukiyaokota tangu watoto. Ila alinionya kwamba kubana matumizi kuna mpaka: kitabu kipya cha vipimo vya baruti lazima kinunuliwe, na mizani nzuri lazima inunuliwe, hata kama tutakula maharage mwezi mzima. Nikajifunza kusafisha ganda na kulinyoosha, kulitia fataki ya kuwashia baruti kwenye kitako, kupima baruti, kisha kukandamiza kichwa cha risasi mdomoni mwake. Mezani iwe aina moja tu ya baruti, redio imezimwa, na kila ganda lichunguliwe ndani kwa tochi kabla ya kufungwa.

Tulikuwa tukikaa gereji kwa Baba baada ya chakula cha mchana, mimi upande wangu na mizani yangu, yeye upande wake na ile mizani yake ya siku zote, akijaza zake. Hatukuwa tunaongea. Nilijihisi mtoto wa mtu tena.

Jumamosi ile tukaenda kwenye shimo la kokoto kuzijaribu. Clint alipiga zangu, zikatua kwenye karatasi zimesogeleana kama vifaranga. Akanigeukia, "Kumbe nimeoa kiwanda!" Nikaenda kwenye gari kuchukua chupa ya kahawa. Nilikuwa nimeinama ndani niliposikia mlio ambao haukuwa wa bunduki. Nilipoinuka, Clint alikuwa amepiga magoti, mikono imefunika uso, damu inapita kati ya vidole. Kitako cha bunduki kilikuwa kimepasuka vipande. Baba alikuwa amesimama palepale, hasogei.

Hospitalini, Verna, mama yake Clint, aliuliza nani alitengeneza risasi ile. Kabla sijafungua mdomo Baba akajibu, "Rhonda alikuwa na haraka. Nilimwambia apime mara mbili."

Verna hakupiga kelele. Alinitazama tu. "Mwanangu si panya wako wa majaribio," akasema. "Ungekuwa na haya ungekaa nje." Nikakaa nje, Garth, kwenye korido, nimeshika kofia ya Clint yenye damu, kwa sababu niliamini. Nilijua sikuwa na haraka, lakini aliyesema ni Baba.

Niliporudi nyumbani kwa Baba nikachukua risasi zilizobaki gereji nikazivunja moja moja ili nione kosa langu. Zangu zilikuwa sawasawa, hazipishani. Nikavunja za Baba. Moja ilikuwa na baruti kidogo, iliyofuata imefurika, nyingine haina kabisa. Nikasema mizani yangu imekufa. Nikamwita Baba aje asome kwenye mizani yake. Nilikuwa nimetoa kisahani cha kuwekea baruti ili nikifute, nimekishika mkononi, mshale umelala chini kabisa. Baba akainama, pua ikakaribia kugusa chuma, akakodoa macho.

"Iko sawa," akasema. "Ndicho kipimo chenyewe. Jaza."

Nilimwonyesha kisahani. Nikakisogeza mbele ya uso wake. Akaendelea kuuangalia ukuta uliokuwa nyuma yangu.

Nimempeleka kwa daktari. Katikati ya macho yote mawili pamekufa, na hapatengenezeki. Pembeni anaona, ndiyo maana anatembea na kuendesha gari na hakuna aliyeshtuka. Ukikaa mbele yake anakuona mabega, hakuoni uso. Sijui ni tangu lini hajaniona uso.

Basi usimkasirikie, kaka. Hakujua. Macho yalimtoroka polepole naye akadhani taa ya gereji imefifia. Siku ile alinitaja mimi kwa kuchanganyikiwa, na mimi nimeshamsamehe.

Garth, nilikuwa nimeishia hapo, nimebakiza salamu. Baba alikuwa jikoni anakunywa kahawa, akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea yote. Nilipofika pale kwamba hakujua, aliweka kikombe chini.

"Hapo umedanganya," akasema. "Futa."

Nikamuuliza nifute nini. Akasema anajua habari ya macho yake tangu theluji ya mwaka jana. Mizani alishaiacha, alikuwa akijaza kwa mazoea ya mkono na kwa kusikiliza jinsi baruti inavyomwagika kwenye ganda. Zako alizitengeneza hivyo, na alipofunga boksi lako alikuwa anajua. Na siku ile risasi zangu tulizobeba ziliisha wakati mimi niko kwenye gari. Clint akataka nyingine, naye akatoa moja kwenye mfuko wa shati lake. Kwa hiyo mlio ulipotoka alijua ni yake. Hospitalini alijua. Niliposimama korido na ile kofia alijua.

Nilimuuliza kwa nini. Nilidhani atalia. Alinijibu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Ningesema, mngeninyang'anya gari, halafu mngeuza nyumba. Wewe bado kijana, binti yangu, kwako yangepita."

Nilitoka nikasimama kwenye theluji bila koti mpaka nikasikia harufu ya kahawa inaungua jikoni, na hata hapo sikurudi haraka.

Jana asubuhi alivaa kofia yake akaniomba nimpeleke kwa Verna. Akapanda ngazi za baraza peke yake. Nilishusha kioo nikasikia kila neno. Alisema, "Ilikuwa yangu. Rhonda hakukosea kitu, na mimi nilijua." Verna akasema, "Shuka barazani kwangu, Arvid," akafunga mlango. Akiwa anashuka Baba alikosa ngazi ya mwisho, akashika hewa, akaanguka kwa goti. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha gari. Sikufungua. Aliinuka mwenyewe, akalitafuta gari kwa kupapasa, akaingia, akafunga mkanda.

Funguo za gari amenipa. Nyumba hatujaizungumzia. Clint nimemwambia, akageukia ukutani, na tangu hapo hajatania tena wauguzi. Mimi nampikia Baba, nafua nguo zake, lakini bado sijui namtazama nani. Njoo kabla barafu haijafunga mto, kama utaweza. Sikuombi uje kumkaripia. Naomba tu tuwe wawili.

Jihadhari na baridi, na lile jino usilitoe kwa koleo. Watoto wa jirani wanakuulizia. Clint anakusalimu. Baba naye ameniambia niandike kwamba anakusalimu, nami nimeandika.

Ni mimi dada yako,
Rhonda