Mtungi wa Kijivu

Jumatatu, 28 Agosti

Lori la magogo leo. Tairi mbili za nyuma, zote misumari. Mimi jeki na kuviringisha, kaka Shaweji nati. Bunduki yake ya kufungulia nati inalia trrrr, nati inatoka yenyewe. Watoto wa shule wamejaa kutazama. Wanamwita Mzee wa Trrrr. Anapenda sana.

Hapa Kibiti bunduki ya nati hana mwingine. Umeme hakuna. Kompresa yetu ya kushindilia upepo injini ilipasuka masika, wenzetu wa barabarani wakatucheka, wakasema tumekwisha. Kaka akaenda Dar, akarudi na mtungi wa gesi, mrefu, wa kijivu. Gesi imeshindiliwa humo ndani. Unaunga mpira, unaunga bunduki, kazi inakwenda. Hamna injini, hamna dizeli. Lori likikwama porini tunaufunga mtungi kwenye mkokoteni tunalifuata.

Jioni kaka kampuliza binti yake Mwanaidi vumbi. Kila siku kabla ya kufunga. Mtoto anasimama kanyoosha mikono, kafumba macho, baba yake anampitishia mpira kwa mbali, gesi kidogo tu. Anacheka mpaka anakaa chini. Shemeji Zaituni anagomba, nguo za mtoto zinanuka gereji.

Jumatano, 30 Agosti

Mtungi umeisha. Mshale wa saa ya kupimia gesi umelala. Tumeupakia basi la asubuhi, konda ataupeleka Dar ukajazwe. Kasema Ijumaa. Sikumwamini. Sikusema.

Mimi sisemi. Kaka ananiita Bubu hata mbele ya wateja. Si kwa ubaya. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenitoa shamba kule Mtawanya, darasa la nne nilishaacha. Kazi yote ninayoijua kanifundisha yeye. "Kikikaza tia grisi, Bubu. Usishindane na chuma." Nati, bolti, bawaba ya mlango, hata baiskeli ya shekhe. Kopo la grisi halimtoki mfukoni.

Jumamosi, 2 Septemba

Konda karudi mikono mitupu. Eti mashine ya kujazia mbovu, tungoje. Hajui mpaka lini.

Leo nati tumefungua kwa spana na bomba. Mgongo unauma. Dereva mmoja wa Lindi kasimama, katuona tunaning'inia kwenye bomba kama popo, kaondoka kaenda kwa fundi jirani. Jirani katoa mlio kwa mdomo, trrrr. Wote wakacheka. Kaka kacheka pia. Ila niliona mishipa ya shingo.

Jumatatu, 4 Septemba

Kaka karudi na mtungi mweusi. Oksijeni. Wa Fundi Mapande, anayechomelea vyuma sokoni. Mapande mwenyewe yuko Ikwiriri, kaka kapewa na msaidizi.

Nilishtuka. Nilishinda kwa Mapande siku moja, anatuchomelea mkokoteni. Msaidizi wake alishika mdomo wa mtungi huu na mikono ya mafuta. Mapande alimzaba kofi. Kofi la kweli, kijana akayumba. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani mzee anapenda usafi.

Nimejikaza nikamwambia kaka. Nikasema Mapande hataki mafuta pale.

"Bubu kasema. Anueni nguo, mvua inakuja."

Watu wakacheka. Kisha kaka akaeleza, hewa hii ndiyo wanayovutishwa wagonjwa hospitali, hewa safi kuliko zote. "Mgonjwa anavuta anapona, nati itakataa nini?" Wakacheka tena. Nikaenda kuzoa mipira.

Jumanne, 5 Septemba

Imefanya kazi. Kile kichwa cha mtungi wetu tulichobaki nacho, chenye saa, hakikukaa vizuri kwenye mweusi. Kinavuja, sss, sss. Lakini bunduki imelia na watoto wamerudi. Kaka kanitazama.

Nimeona aibu. Pengine sijui lolote.

Mwanaidi hakupulizwa. Kaka kasema hii gesi ya watu, mama, subiri yetu irudi. Kalia mpaka kalala.

Alhamisi, 7 Septemba

Mikono bado ina mchanga. Naandika hivyo hivyo.

Lori limepasuka tairi la mbele njia ya Ruaruke. Tajiri wake katuma pikapu ikatuchukua, ikatushusha pale na mtungi, ikaenda zake. Jua kali. Dereva ana haraka, magogo yanasubiriwa Dar.

Nikaingia chini na jeki. Kaka anafunga kile kichwa. Kikagoma, uzi umechoka. Akakilazimisha, kikagoma. Akatoa kopo mfukoni, akachovya kidole, akapaka grisi. Kama tunavyofanya kwa kila kitu. Kikaingia laini. Kikaacha hata kuvuja.

Nilikiona kile kidole. Nikasema, kaka. Sauti ilitoka ndogo, nimelalia tumbo mchangani.

"Nini tena, Bubu?"

Huku anafungua koki.

Mlio mmoja. Moto mweupe, sijawahi kuona moto mweupe vile. Ulitoka palepale kwenye grisi ukamwendea. Shati likaenda kama karatasi. Sijui nilitokaje chini ya lori. Nilimtupia mchanga, nikamlalia. Dereva alikimbilia kwenye mihogo ya watu akabaki huko anaita Mungu.

Hakuna gari. Baadaye likaja gari la chama, la kampeni, spika juu, nyimbo. Wakamwona. Wakazima nyimbo. Tukampakia juu ya bendera zao. Wakatukimbiza hospitali. Njiani kaka alikuwa na fahamu zake zote. Aliniuliza kama nimefunga koki.

Jumamosi, 9 Septemba

Kifua, shingo, mikono, uso. Wamemfunga kitambaa. Macho yanaona. Mganga kasema tuombe.

Kauliza mtungi wetu umerudi. Nikamwambia umeshatoka Dar, uko njiani. Uongo.

Fundi Mapande kaja. Kakaa chini nje ya wodi, kavua kofia, kalia mtu mzima yule. Kaniambia oksijeni haipatani na mafuta. Ikitoka na nguvu yake ikikuta grisi inawaka yenyewe, bila kiberiti. Ile ya mtungi wa kijivu haiwashi kitu, ndiyo maana miaka yote hatukujua. Kasema angekuwepo asingeutoa. Najua. Kasema msaidizi wake anajua kofi, hajui sababu.

Kama mimi.

Jumatatu, 11 Septemba

Homa. Shemeji anampa maji kwa kijiko. Nilikuwa nafukuza nzi.

Kaka kasema, "Ulisema."

Basi. Nikangoja amalizie Bubu. Hakumalizia.

Jumatano, 13 Septemba

Kaka Shaweji kafariki alfajiri. Tumemzika Mtawanya baada ya alasiri, pembeni ya baba.

Alhamisi, 14 Septemba

Kuosha ilikuwa shida. Shekhe kasema palipoungua tusisugue, tumwagie maji tu kidogo kidogo. Nilimwaga mimi.

Kaburini nilishuka mimi na mjomba. Walipomteremsha nilimpokea kichwani. Mwepesi. Mtu aliyekuwa anabeba tairi la lori mgongoni.

Watu wanasema ajali kazini, mipango ya Mungu. Nakubali. Ila nina hasira na yeye. Alinisikia akacheka. Na sina wa kumwambia hivyo, kwani niliyekuwa namwambia mambo ni yeye.

Jumapili, 24 Septemba

Hitima imeisha juzi, wageni wameondoka. Shemeji yuko eda, hatoki. Mwanaidi anashinda gereji na mimi. Anauliza baba kaenda na basi lipi.

Nimefungua. Spana na bomba. Jirani alikuja mwenyewe, akaning'inia na mimi kwenye bomba. Tairi lilipotoka akafuta mikono akarudi kwake. Hajatoa ule mlio tena, hata watoto wakimwomba.

Kopo la grisi lilirudi na vitu vya hospitali. Limebonyea. Nalitumia. Nati bado zinakaza.

Jumatano, 27 Septemba

Mapande kamfukuza msaidizi, halafu kamfuata kwao kamrudisha. Leo nilimsikia anamweleza sababu, neno kwa neno, polepole. Nilisimama nyuma ya kibanda nikasikiliza yote.

Jumanne, 3 Oktoba

Basi la mchana limesimama mbele ya gereji. Konda kashuka na mtungi wa kijivu begani. Umejaa. "Mwambie Mzee wa Trrrr mzigo wake huo. Mashine ilikuwa mbovu kweli, asinitukane."

Hakuwa na habari. Nimemwambia. Kwa sauti, mpaka abiria wa dirishani wakasikia. Konda kauweka mtungi chini taratibu, akabaki kaushika kama anaogopa utaanguka. Basi likapiga honi, akapanda.

Nimeuegemeza ukutani, palepale pake. Sikuunga mpira. Najua huu hauna ubaya wowote. Bado sijaweza.

Jioni nageuka kufunga, nikamkuta Mwanaidi kasimama mbele ya mtungi. Kanyoosha mikono. Kafumba macho. Vumbi tupu.

Nikapiga magoti nikampuliza kwa mdomo. Nywele, mikono, tumbo, miguu. Hakucheka. Akafumbua jicho moja akanitazama, akalifumba.

"Bado mgongoni," kasema.

Nikampuliza mgongoni.