Tumbo Langu na Nikah ya Zuhura

Jumatatu, 4 Agosti
Choo bado. Nimekaa huko mpaka miguu ikafa ganzi. Mke wangu Mwanahawa akagonga mlango, kadhani nimeanguka. Nimesema naoga.
Kidonge cha Pakinsoni nimekunywa na chai. Mkono haukutulia mpaka adhuhuri. Zamani kilinishika kabla sijamaliza kuvaa.

Jumatano, 6 Agosti
Tumbo gumu. Sina hamu ya kula. Maharage ya nazi nimekula kidogo, kumridhisha Mwanahawa.
Naogopa. Nikah ya Zuhura, mwanangu wa pekee, ni Jumamosi ya wiki ijayo, kijijini kwetu Kibuta. Mimi ndiye walii, lazima nitamke maneno ya kumwozesha mbele za watu. Dawa isiponishika, ulimi mzito, sauti haitoki.

Ijumaa, 8 Agosti
Kaka Shabani kapiga simu kutoka Kibuta. Anataka nimpe uwakili, aozeshe yeye. Nia njema, najua. Nimekata simu kwa hasira. Sitaki kuwekwa pembeni kama mzigo.

Jumapili, 10 Agosti
Vibaya. Nimetapika. Tumbo limevimba. Nimeganda mlangoni, miguu imenata sakafuni. Zuhura kanishika.
"Baba, mara ya mwisho umepata choo lini?"
Aibu, kumwambia binti mambo hayo. Nikamwambia: sikumbuki. Akalia. Mwanahawa akaita bajaji.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimelala hospitali hapa Kibaha. Walihofia utumbo umeziba. Haujaziba, alhamdulillahi. Wameniingizia dawa kwa nyuma. Fedheha, halafu nafuu.
Daktari, mdogo kuliko Zuhura, kaeleza. Ugonjwa huu haukai mikononi tu, tumbo na utumbo navyo vinapunguza mwendo. Tumbo likichelewa, kidonge nacho kinachelewa. Nyama na maharage vinaweza kukizuia vikiliwa pamoja nacho. Basi kidonge kwa maji, kabla ya kula. Maji mengi, mboga, matunda, kutembea. Kanipa na dawa ya kulainisha choo.
Muda wote huu nilidhani ni uzee.

Alhamisi, 14 Agosti
Tuko Kibuta. Choo nimepata, kidogo. Wasiwasi haujaniacha. Nikah imepangwa baada ya Alasiri, saa ambazo mimi huwa nimekwisha kabisa.
Zuhura kauliza, "Baba, dawa inakukaa vizuri saa ngapi?"
Asubuhi, saa nne hivi.
Akampigia mchumba wake, yuko Kwala. Jioni jibu likaja: nikah ni saa nne.
Nimemwomba Kaka Shabani akae karibu yangu. Nikishindwa, aseme yeye.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimetamka. Mara ya kwanza shehe hakusikia, akaniomba nirudie. Jasho. Nilidhani nitazimia. Shabani kaniwekea mkono mgongoni, akaniachia niseme mwenyewe. Mara ya pili wakasikia mpaka waliokaa barazani.
Kiganja changu kilitetemeka ndani ya kiganja cha mkwe wangu. Hakukiachia.

Jumapili, 17 Agosti
Zuhura kaenda kwa mumewe. Nyumba kimya. Leo choo hakijaja, na ya kesho siyajui.
Nimezunguka shamba la mihogo na Mwanahawa, taratibu. Simu ikaita tukiwa katikati ya matuta.
"Shikamoo Baba. Vipi leo?"
"Marahaba. Leo bado, mwanangu."
Kasema niongeze maji, atapiga tena jioni. Mwanahawa akanishika mkono, tukaendelea kutembea.