Binti yangu amenifukuza uwanjani, na mama yake alijua

Bi Lila mpendwa,

Naomba msaada wako kabla sijapasuka, na nakusihi unisome mpaka mwisho, usije ukanihukumu katikati kama walivyonihukumu watu wa nyumba yangu. Mimi ni dereva wa basi hapa London, nakaa Edmonton na mke wangu Dinah, ambaye ni muuguzi, na binti yetu wa pekee, Lorraine, mwenye miaka kumi na mitatu, mtoto tuliyempata baada ya kungoja sana, na nimeamua kukuandikia wewe kwa sababu nikimweleza mtu yeyote wa kanisani kwetu, kesho yake habari itakuwa imeshafika nyumbani Eldoret.

Mimi ni mtu wa michezo tangu utotoni, shuleni nilikimbia mita elfu tano, soka natazama, raga natazama, hata ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu natazama, na Lorraine alipokuwa mdogo alirudi siku moja kutoka shuleni akasema wamefundishwa besiboli, mchezo ambao hata Waingereza wenyewe wengi hawaujui, nikasema sawa, nikajifunza sheria zake zote, nikanunua glavu mbili, moja yake na moja yangu, na kila jioni nikitoka kazini tulikuwa tunarushiana mpira nyuma ya nyumba mpaka jirani akachoka kuturudishia. Leo hii Lorraine analinda besi ya tatu, kituo cha tatu cha mkimbiaji, katika timu ya vijana ya huku kwetu, ana mkono kama kombeo, na nani alimfundisha? Mimi. Nani huendesha gari kila Jumapili kwenda Essex, kwenda Southampton, kwenda Bristol, Dinah akiwa amelala kiti cha nyuma na sare yake ya kazi bado mwilini? Mimi. Nani hubeba magongo, maji, viti vya kukunja na mwavuli wa watu wote? Ni huyu huyu anayekuandikia. Baba yangu mzazi hakuwahi kuja kuniona nikikimbia hata siku moja, alikuwa na ng'ombe wake, na mimi niliapa kwamba mtoto wangu hatawahi kutazama pembeni ya uwanja akakosa kumwona baba yake.

Sasa sikia walichonifanyia.

Pasaka tulikwenda Ubelgiji kwa mashindano, wazazi na watoto, safari nzuri sana, na katika mechi ya mwisho tulikuwa nyuma kwa alama moja, Lorraine akiwa besi ya tatu, mwenzake akaupiga mpira vizuri, Lorraine akachomoka kurudi nyumbani, yaani besi ya mwisho inayoleta alama, akateleza, akaigusa besi, vumbi likatimka, na refa, kijana tu, ndevu hajaota, akanyanyua ngumi akasema ametoka, alama haipo. Ametoka wapi, Bi Lila? Niliona kwa macho yangu haya mawili kwamba aliguswa na mpira akiwa ameshafika! Nikaruka kile kiuzio kifupi, sikumgusa mtu wala sikumtukana mtu, nilichotaka ni kumwonyesha refa video kwenye simu yangu, na yeye akawa anarudi nyuma kana kwamba nimeshika panga. Kocha wetu ni mwanamke wa Kisikh anaitwa Surinder, wazazi wake walitoka Kisumu kwa hiyo Kiswahili anakijua, akaja mbio akasimama katikati yetu.

"Baba Lorraine, rudi nyuma."

"Nitarudi akishatazama hii video."

"Baba Lorraine, watoto wanakutazama. Nakuomba rudi nyuma."

Sikurudi, kwa sababu haki ni haki, na yule kijana akaivunja mechi pale pale akawapa ushindi wenyeji. Ati sasa mimi ndiye niliyewanyima watoto ushindi! Refa kipofu hana kosa, mwenye macho ndiye mwenye kosa. Njiani kurudi nilimweleza Lorraine kwa upole tu mahali alipokosea, kwamba alichelewa kuondoka besi ya tatu na kwamba aliinama mapema, nikamweleza kutoka Ghent, mji tuliochezea, mpaka kwenye treni ya chini ya bahari, na kutoka pale mpaka mlangoni Edmonton, na yeye ametia vile vidude vyake masikioni, nikadhani ananisikiliza.

Wiki iliyofuata Surinder akanipigia simu akasema msimu huu naweza kumleta mtoto, lakini nisifike uwanjani, ningoje kwenye maegesho. Nikameza. Jumapili baada ya Jumapili nimekaa ndani ya gari kama teksi, mti umeziba uwanja, nasikia watu wanashangilia na sijui wanashangilia nini. Nikajiambia ni Wabelgiji wamenishtaki, ni mambo ya chama cha mchezo, yatapita. Mwezi uliopita nikamfuata Surinder akipakia magongo kwenye gari lake, nikamwuliza waziwazi, ni Wabelgiji gani hao wasiosahau?

Akaweka gongo chini. "Si Wabelgiji," akasema. "Ni Lorraine. Alikuja kwangu mwenyewe. Alisema ama usije wewe, ama aache yeye."

Bi Lila, niliendesha gari mpaka nyumbani sikumbuki nilipita wapi. Nilimkuta Dinah jikoni.

"Mama Lorraine, ulijua?"

"Nilijua. Nilimsindikiza mimi."

"Ukanificha? Mume wako?"

"Nimekwambia mara ngapi unapiga kelele sana pale? Kila nikisema, unasema sijui michezo."

Kwetu mtoto hamshtaki baba yake kwa mtu wa nje, na mke hamshiki mtoto mkono akampeleka kushtaki. Nimemwita Lorraine anieleze, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, akasema hataki kuzungumzia hilo, akapanda juu. Nyumba yangu mwenyewe imekaa kikao bila mimi, ikanihukumu bila kunisikiliza!

Na haijaisha. Ijumaa hii timu inakwenda Uholanzi kwa mashindano makubwa ya msimu, watavuka kwa meli kutoka Harwich. Safari hiyo nilianza kuipanga mimi, hoteli nilitafuta mimi, basi nililitafuta mimi kwa mtu ninayemjua, na sasa Dinah ndiye anayekwenda, na mimi nimeambiwa nafasi yangu haipo. Kwa hiyo nimeichukua pasipoti ya Lorraine nikaifungia kwenye kabati langu kule gereji. Wamepekua nyumba nzima. Juzi Lorraine alikuwa anainua mito ya kochi mmoja mmoja, akaniomba niinue miguu aangalie chini, nikainua, nikaendelea kutazama soka. Sijasema neno. Nataka waje wote wawili waniombe msamaha kwa midomo yao, kisha nitoe. Dinah ameanza kunitazama kwa jicho la shaka.

Niambie, Bi Lila, nina kosa gani? Ni wababa wangapi humu London hawajui hata watoto wao wanacheza mchezo gani? Mimi nimejitoa mwili na roho, na malipo yangu ni kufungiwa maegeshoni. Nikiitoa pasipoti hiyo bila msamaha, nitabaki baba wa aina gani katika nyumba ile?

Baba Lorraine, Edmonton

*

Bi Lila anajibu

Baba Lorraine,

Wasomaji wangu wajue kwamba barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Nilikupigia simu siku ile ile niliyoisoma, maana basi la watoto halimngoji mhariri. Jibu hili nalo nimekutumia kabla ya Ijumaa, na nalichapa hapa kwa sababu uliniruhusu, na kwa sababu nina barua nyingine mezani za akina baba wa aina yako. Majina nimeyabadilisha, ingawa waliokuwepo Ubelgiji siku ile watakujua tu.

Uchungu wako nimeuona. Kukaa ndani ya gari ukisikia makofi usiyojua ni ya nani, hilo linauma, na sitalicheka. Na mkeo alipaswa kukwambia yeye. Ungelia nyumbani, si mbele ya kocha anayepakia magongo. Nimemwambia Dinah hivyo hivyo, maana naye nimezungumza naye, na amekubali.

Lakini wewe! Mtu mzima na dereva wa abiria, unainua miguu ili mtoto atafute chini yake kitu ulichokificha mwenyewe? Nilisoma hapo nikaivua miwani. Ya Ubelgiji nayaelewa, hasira hasara, humpata kila mtu. Hili la kochi ulilifanya umetulia, na soka inaendelea.

Ulipopokea simu ulianza kunieleza ile mechi. Nikakuacha ukafika mpaka kwenye vumbi, kisha nikakuuliza uko wapi.

"Gereji."

"Kabati liko mbali?"

"Liko hapa hapa."

"Lifungue nikiwa kwenye simu."

"Bi Lila, na wewe umeshika upande wao?"

"Nimeshika upande wa mtoto. Hati ya mtoto si rehani, baba. Fungua."

Funguo zikagongana. Kisha nikasikia mlango wa bati. Nikakwambia usimpe Dinah, mpe Lorraine mkononi, na akikuuliza ilikuwa wapi, sema kweli. Usiseme imeonekana. Sema uliificha.

Kesho yake ukanipigia wewe, na sauti imepanda tena. Ulimpa mlangoni alipotoka shule. Akauliza ilikuwa wapi. Ukasema, "Nilikuwa nayo mimi. Niliificha." Akaichukua, akakutazama, akapanda chumbani, akafunga mlango. Na wewe ukaniambia kwa hasira, "Hata asante, Bi Lila! Hata asante!"

Asante ya nini? Nani amewahi kumshukuru aliyemwibia kwa kumrudishia chake? Ulifanya jambo moja sawa, ukataka ulipwe hapo hapo mlangoni. Huo ndio ugonjwa wako, na si ugonjwa wa kutopenda. Barua yako nzima umeniorodheshea ulivyobeba, ulivyoendesha, ulivyonunua, na sikuona hata mahali pamoja unaponiambia Lorraine anapenda nini katika mchezo huo. Najua unachokiona wewe akikimbia. Hujui anachokiona yeye.

Mtoto wako alikuwa na njia rahisi ya kuachana na kelele zako. Angeweka glavu chini aseme amechoka na besiboli, na wewe ungelaumu simu na marafiki. Hakufanya hivyo. Alikwenda kwa mtu mzima anayemwamini, na mama yake pembeni, akasema kinachomwumiza, kwa sababu anataka kuendelea kucheza. Unaita hilo usaliti? Mimi ningekuwa na binti wa miaka kumi na mitatu mwenye ujasiri huo, ningelala usingizi mzuri. Na kama hakuja kwako, jiulize angepata wapi nafasi ya kusema, kuanzia Ghent mpaka Edmonton.

Unasema baba yako hakuja hata siku moja. Pole, mwanangu, nasema kwa moyo wangu. Lakini yeye alibaki kwa ng'ombe, na wewe umefika mpaka ndani ya mstari. Lorraine anataka baba wa mahali pa katikati, anayekaa kitini.

Sasa nisikilize, na usinikatize.

Ijumaa wasindikize mpaka kwenye basi, uage, urudi nyumbani. Usiendeshe gari mpaka Harwich kuangalia meli. Nakujua, umeshafikiria. Wakiwa Uholanzi usimpigie Dinah kuuliza alama, wala usimwombe mzazi mwingine akutumie video. Kabla hawajaondoka, mwone au mpigie Surinder umwombe radhi, na umwulize namna ya kumfikishia salamu yule kijana refa, umwambie ulimtisha na unasikitika. Usitie neno lolote la kwamba hata hivyo hakuona vizuri. Ukilitia, radhi imeharibika, anza upya.

Kwa Dinah, kaa naye mezani mkiwa peke yenu, mwambie lililokuuma la kufichwa, kisha umwache aseme yake mpaka yaishe. Yeye ndiye amekuwa akilala kiti cha nyuma miaka yote hiyo, ana mengi. Kwa Lorraine, sema mara moja tu: "Nilikosea Ubelgiji, na nilikosea kuficha pasipoti yako. Maegeshoni nitakaa mpaka utakaponiita mwenyewe." Basi. Usingoje jibu, usimwombe akusamehe, usimwulize ni lini atakuita. Inaweza kuwa mwezi, inaweza kuwa msimu mzima. Hiyo si adhabu ya kocha tena, ni ahadi yako.

Na kama mwili unakuwasha, humu London zipo timu za watu wazima wanaocheza mwishoni mwa wiki kwenye bustani, wengine wana vitambi kuliko wewe. Kachukue glavu yako ukajiunge. Simama wewe kwenye vumbi, kijana akunyanyulie ngumi akwambie umetoka, na utoke kimya.

Umeniuliza utabaki baba wa aina gani. Swali hilo hukuniuliza wakati ulipokuwa unaruka uzio, na mimi sitakujibu. Atakujibu binti yako, kwa wakati wake.

Jumatatu watakaporudi, nenda ukawapokee kituoni. Lorraine atashuka amechoka, labda ameshinda, labda ameshindwa. Usiulize. Beba begi.

Bi Lila