Neema Amegeuza Ubao

Jumanne

Neema amegeuza ubao. Ule mrefu wa kusimama juu ya mawimbi huko Dar, ukageuka naye kabisa, nimeona kwenye video. Mtoto wa Mpwapwa huyo. Nani mwingine mtaa huu ana binti wa hivyo?

Nikampigia, hata shikamoo yake sikuingoja.

"Mama, siri ni usitazame miguu. Tazama unakotaka kwenda, ubao utafuata."

"Hilo mbona nalijua? Ndivyo tunavyogeuza maksai mwisho wa shamba."

Akacheka sana.

Lakini mwanzo wa video alianguka, povu likamfunika. Tangu hapo moyo umekufa ganzi. Baba yake alichukuliwa na maji ya korongo mvua zilizopita, na mpaka leo sijalia vizuri.

Nilitaka kumwambia aache. Nikaishia kumuuliza kama anafunga ile kamba ya mguuni.

"Naifunga, mama."

Basi. Nikabaki nimekaa, chai imepoa, wala sisikii furaha wala hofu.

Wanakwaya wenzangu nimeshawatangazia wote, wanataka kuiona hiyo video. Pale anapoanguka nitaparuka. Wanakuja Jumapili, baada ya ibada.