Kiti cha Mbele kwenye Gari la Mheshimiwa

Turwa, Tarime,
14 Julai 2025.

Mpendwa dada Regina,

Shikamoo. Baridi ya Mbeya mnaionaje mwaka huu? Na kifua cha shemeji je, kimetulia? Sisi hatujambo. Mama analalamikia magoti tu, lakini shambani haachi kwenda.

Dada, naandika kwa sababu kwenye simu ningelia. Nina wivu. Unamkumbuka Selestine, mwenzangu wa redioni? Kinasa sauti nilimfundisha mimi kukishika. Siku hizi anapanda gari la Mheshimiwa Nchagwa, yule anayeutaka ubunge. Tena kiti cha mbele! Anaitwa "mwanangu" mbele za watu, na nyama ikiiva anakaa na wazee. Mimi, miaka saba kazini, nakula na madereva.

Wiki iliyopita Mheshimiwa alizindua bomba lake la maji Nyamwaga, karibu kabisa na nyumbani kwa mama. Maji yakatoka, vigelegele vikapigwa, msafara ukaondoka. Mimi nikaambiwa gari limejaa. Nikabaki nasubiri bodaboda huku namtukana Selestine kimoyomoyo.

Bodaboda haijafika, bomba likakauka. Kumbe tangi lilijazwa kwa lori asubuhi ile, majirani waliliona. Mama alikuwa kwenye foleni na ndoo yake. Nikawasha kinasa, naye akasema, "Maji yameondoka na wageni. Hata kuaga hayakuaga."

Sijui nani alipeleka maneno. Kesho yake Mheshimiwa akanipigia mwenyewe, akaniita mwanangu! Jumamosi hii anakwenda Sirari, kiti cha mbele ni changu, ila ile sauti ya bomba tuiache, tusiaibishane. Sikufichi dada, nilifurahi. Hata shati nilipiga pasi. Siku nne nikaikalia ile sauti, na mama anateremka mtoni na magoti yale yale.

Leo nimeipeleka studio, ikasikika kwenye taarifa ya saa saba. Mheshimiwa hajanipigia tena. Mama ndiye aliyepiga, akauliza kitu kimoja tu: mbona nilichelewa?

Nisalimie shemeji, Irine na Vicent. Mke wangu Waisiko anawasalimu sana. Mungu awalinde, na kifua kipone.

Jumamosi Selestine atapita hapa Turwa, mbele, kioo kimeshushwa. Nimejiapiza kutomtazama, lakini najijua, nitamtazama mpaka gari lipotee.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Simioni